Mjukuu wangu ameziba matundu ya hewa

Leo nusura nimfukuze Zaituni, na injinia ni yeye.

Alikuja hapa kwangu Kibuli na kopo la povu la kuzibia nyufa, lile linaloganda, akapanda kiti, akaanza kuziba matundu ya hewa juu ya dirisha.

"Bibi, ubaridi wote wa kiyoyozi unatorokea hapa. Umeme unapotea bure."

"Shuka."

"Siku hizi nyumba zinazibwa, Bibi."

"Nimesema shuka, wewe mtoto."

Nikamwambia, hamjui nyinyi vijana. Mmesoma tu.

Miaka ya sabini, enzi za wanajeshi, jirani yangu Hadija alikuwa na mtoto mchanga, analia kweli kweli. Mumewe akaogopa askari watasikia. Akaziba kila tundu kwa magunia. Na kupika nje nani angethubutu? Sigiri ya mkaa wakaiingiza ndani, wakalala nayo. Ile sumu ya mkaa haikuwa na pa kutokea.

Asubuhi tulivunja mlango. Wote watatu, kama wamesinzia.

Na askari wenyewe hawakupita kabisa usiku ule.

Zaituni alipanda tena kiti. Alichukua kisu changu cha jikoni akakwangua lile povu lote, machozi yanamtoka. Kisha akauliza, "Huyo mtoto aliitwa nani, Bibi?"

Nikafungua mdomo. Jina halipo.

Mimi niliyembeba. Mimi niliyemwosha siku ile. Tangu adhuhuri nimekaa nalitafuta.

Nyinyi wazee wa Kibuli mnaoandika upuuzi hapa kundini kila siku, leo andikeni la maana. Binti wa Hadija, aliitwa nani?