Taa za Nyuma za Obwocha

Zachariah Obwocha alikuwa mtu wa kuchoka mapema. Alianza kuchoka akifunga kamba za viatu, na ikifika saa moja asubuhi alikuwa amechoka hata kuulizwa kama amechoka. Usimcheke. Miaka kumi na miwili amebeba ndizi kutoka Birongo mpaka soko la Daraja Mbili, kila Jumatatu na Alhamisi, kwa gari moja, Probox, ambayo ilikuja nyeupe na sasa ina rangi ya chai ya maziwa.

Kando yake, kila safari, alikaa mke wake Tryphosa. Huyo ndiye alikuwa biashara yenyewe. Zachariah alijua kuendesha, kuuza hakujua. Mara moja Tryphosa alipolala na malaria, mzee alienda kuuza peke yake, akarudi na nusu ya ndizi na shati la mtumba lenye mikono ya kufika magotini. Hakuweza kueleza vile alilinunua.

Sasa, huko juu Birongo ukungu hauji kama mgeni, unakuja kama mwenye nyumba. Asubuhi moja ulikuwa umekaa barabarani na mvua nyembamba juu yake, na kwenye mteremko lori la majani chai likawagusa kwa nyuma. Kugusa tu. Bampa ilikunjika na mikungu miwili ikaanguka kwa lami. Dereva wa lori, Onchiri, aliomba msamaha, akasema ukweli hakuona taa yoyote. Zachariah akamwahidi kuweka nyingine. Hakuna aliyeumia, lakini Tryphosa hakufungua mdomo mpaka sokoni, na mke aliyenyamaza ni mzigo mzito kuliko ndizi.

Walipofika alisema, "Baba Joyline, kifo cha mbele nitakiona kikija, niombe hata kidogo. Cha nyuma sikitaki. Hizo taa zako ni makaa yamelala. Tengeneza, ama utafute mtu mwingine wa kukaa hapa."

"Mtu mwingine nani?"

"Hata mbuzi. Shida ni kwamba mbuzi hatakuuzia."

Zachariah hakubishana. Alijua mwanamke huyu hasemi kitu mara mbili, na bila yeye gari ingebaki ya kubebea mashati ya mikono mirefu. Ilimchukua wiki mbili kupata nguvu, halafu Jumanne moja akapita mji na kwenda Nyakoe kwa fundi Gibson, binamu yake.

Gibson alipiga magoti nyuma ya gari, akatikisa kichwa kama daktari. "Hii kioo imeshikwa na mtoto wa jicho. Hata ukiweka balbu ya stadium, nje itatoka moshi."

"Basi itoe."

"Nitasugua kwanza. Halafu tuweke balbu za LED. Na hapa chini ya bampa nikufungie taa moja nyekundu ya ukungu, na swichi yake mbele."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Gibson alisugua kioo kimoja kwa msasa laini, akaitwa kwa mkutano wa mazishi. Akarudi, akasugua cha pili, akaenda kula. Akarudi, akatafuta waya aliyokuwa ameishika. Zachariah alilala juu ya tairi kuukuu, akaota amelala. Saa kumi akaamshwa na kelele.

"Kanyaga breki!"

Akakanyaga. Ukuta wa posho mill ya jirani, ya kusaga unga, ukawa mwekundu, na kuku wawili wakahama.

"Hii ya chini ni ya ukungu na mvua kubwa peke yake," Gibson akamwambia. "Kukiwa safi, zima. Ukiiacha, unachoma watu macho."

Zachariah alitembea hatua hamsini, akageuka, akaangalia gari lake. Alisikia kitu karibu na furaha, lakini ilikuwa jioni na alikuwa amechoka, akaiacha ipite.

Nyumbani Tryphosa alikagua mwenyewe. Alishuka mpaka mwisho wa shamba la majani chai, akasimama huko kwa manyunyu, akapaza sauti. "Naona!" Basi. Siku ya soko alivaa koti lake la mji.

Alhamisi hiyo walipakia kama kawaida. Mlango wa nyuma haufungiki, unainuliwa na kufungwa kwa kamba, na mikungu inatokeza nje. Halafu inakuja kazi ya Tryphosa. Birongo hakuna mtu anapeleka ndizi sokoni uchi. Alikata majani mabichi ya mgomba, akayapanga juu, akayashusha kushoto na kulia, akayakunja chini mpaka kwa bampa, kamba hapa, kamba pale, mpaka mzigo ukapendeza kama bibi harusi. Zachariah aliwasha taa zote, akabonyeza swichi mpya. Kidude cha swichi kikawaka hapo mbele. Akaenda akiwa na amani.

Kwenye mteremko, ndani ya ukungu, honi ililia nyuma yao ndefu kama ng'ombe anayechinjwa. Breki zikapiga kelele. Zachariah alisogea pembeni kwa nyasi, akasimama, akashuka na magoti yake mabovu. Lori lilikuwa limesimama pale ambapo wao walikuwa. Onchiri yule yule aliteremka.

"Omogaka! Mzee, ni wewe tena?"

"Ni mimi."

"Si ulisema utaweka taa?"

"Nimeweka. Za LED."

"Ziko wapi? Mimi nimeona shamba! Nimedhani migomba ya mtu imeporomoka na mvua, ikalala barabarani. Nilikuwa nafikiria nizunguke aje."

Zachariah aliinua jani moja. Taa ilikuwa huko ndani inawaka kwa bidii yote, kama mtu anayeimba chini ya blanketi. Akainua la pili. Ya ukungu nayo ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, inamulikia ndizi.

Tryphosa alikuwa ameshuka. Alisimama na koti lake la mji, mkoba kwapani, na mzee alijua mkoba kwapani maana yake ni safari ya miguu.

"Nani alifunga haya majani?" Onchiri akauliza.

Mzee akaliachia jani.

"Mimi," Zachariah akasema.

Tryphosa alimwangalia kutoka kofia mpaka viatu. "Muongo. Huyo hata kamba ya kiatu inamshinda. Ni mimi."

Akaweka mkoba chini, akaanza kung'oa. Alitoa majani yote. Mikungu miwili bado ilikuwa inaziba taa ya kulia, akaitoa pia. Onchiri aliyachukua majani, akaenda kuyatupa barabarani nyuma ya lori lake, ili anayekuja ajue kuna gari limesimama. Angalau yalipata kazi.

Mkungu mmoja ulikaa mbele, chini, pahali pa miguu ya abiria. Wa pili haukuwa na pahali. Zachariah alishika mlango wazi, akaogopa kuuliza, akauliza.

"Utakaa?"

"Kwani nitaenda na nani, na Onchiri? Huyo haoni mbali." Akaketi, akanyoosha mikono. "Leta huo hapa."

Akaupakata kama mjukuu.

Onchiri alizoa majani kando, akawaacha watangulie, akafuata mbali. Ndizi zilienda uchi, na Tryphosa hakugeuka hata mara moja kuzitazama. Zachariah aliendesha mgongo ukimuuma, akihesabu kona. Karibu na mji lori likaanza kumpigia taa, mara moja, mara mbili.

"Anataka nini tena huyu?"

Tryphosa alipitisha mkono juu ya ndizi, akazima ile swichi mpya.

"Ukungu uliisha kitambo, Baba Joyline."

Mzee akaangalia. Kumbe jua limetoka.