Siku Perege Walipotoweka Ukingoni

Ile siku naikumbuka hadi rangi ya maji, mwanangu. Nilikuwa msichana wa kubeba sufuria kwenye safari ya mwalimu mmoja aliyekuja kuandika habari za samaki wa mto Athi. Mjomba wangu Mutua alituongoza kwa miguu, Kilonzo alipika. Nami nilipewa kazi ya macho. Kabla mtu hajachota maji, niwatazame perege wadogo pale ukingoni. Wakicheza, chota. Wakitoweka wote kwa mara moja, piga kelele, kuna mamba.

Siku ya kwanza nikapiga kelele, kumbe ni gogo. Kilonzo alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu Syombua ataona mamba hata kwenye sufuria."

Kesho yake asubuhi perege walitoweka. Viboko waliokuwa wakikoroma wakanyamaza, na kimya kingi, wahenga walisema, kina mshindo mkuu. Niliona, mwanangu. Nikaogopa kuchekwa. Kilonzo akainama na ndoo.

Alipona, lakini mkono wake wa kulia ulibaki mtoni. Mjomba hakunichapa. Aliniuliza tu, "Uliona?" Nikasema niliona. Hakuniuliza tena hadi siku tulipomzika yeye mjomba.

Basi nikazeeka, nikiishi Gatwekera, kule Kibera, ukaja ule uchaguzi wa vurugu. Siku ya tatu hatukuwa na tone la maji. Jirani yangu Atieno, mtu wa kule ziwani, akambeba mtoto wake Owino mgongoni, tukashika njia ya bombani. Kwa mbali nikaona mitungi imepanga foleni, lakini watoto wanaoilindaga hakuna hata mmoja. Nikasimama papo hapo.

"Atieno, turudi. Watoto wametoweka."

Kisa changu alikijua. Akacheka, "Shosho, leo mamba amehamia Kibera?"

"Nicheke ukitaka, lakini turudi." Nikaishika leso iliyombeba mtoto, sikuiachilia.

Tukageuka, na kabla hatujafika mlangoni, risasi zikalia kule bombani, kisha moshi. Atieno aliketi sakafuni akimnyonyesha Owino. Mitungi yetu ilikuwa bado mitupu.

Owino leo ana ndevu.

Mwanangu, ukiona hatari, sema, hata kama jana ulikosea. Heri uchekwe na walio hai. Sasa sogea nikutemee mate ya baraka kifuani, kama sisi Wakamba tufanyavyo. Mungu akupe macho ya kuona, na mdomo usioona haya.