Maziwa ya Jumatatu

Kwa miaka sita Herieth alikuwa mpima maziwa katika kiwanda kidogo mjini Moshi, na hakuna dumu lililoingia ndani bila kupita mikononi mwake. Kazi aliipenda. Kilichomchosha ni kikao cha Jumatatu, saa mbili kamili, saa ileile wafugaji wanaposhusha maziwa kutoka mlimani.

Kikao kiliendeshwa na meneja, Bwana Kornel, mtu mpole asiyejua kufupisha. Sala, kumbukumbu za kikao kilichopita, kisha yatokanayo, na kwenye yatokanayo ndiko walikozama. Wiki ya tatu sasa ajenda ilikuwa moja: kwa nini maziwa ya Jumatatu yanachacha.

"Labda ni ng'ombe," alisema Shedrack wa masoko. "Jumapili watu wako kanisani, mifugo hailishwi vizuri."

Bwana Kornel akaandika. Akapendekeza iundwe kamati ndogo.

Herieth alishanyoosha mkono mara mbili, akaambiwa asubiri mengineyo. Dirishani alimwona mzee Ebenezeri, mfugaji aliyeteremka tangu alfajiri, akisogeza madumu yake kufuata kivuli. Kivuli chenyewe kilikuwa kinaisha.

Akainuka.

"Herieth, hatujafunga kikao," alisema meneja.

"Najua, bosi. Narudi."

Nje alimwamkia mzee. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mmefiwa? Naona mmejifungia tu humo ndani."

"Hapana, baba. Tunaongea."

Hakuthubutu kumwambia wanaongea nini. Alipima dumu la kwanza, likawa zima. La pili, lililobaki juani, maziwa yake yakakatika palepale kwenye glasi ya kupimia. Aliingia nayo ndani, akaiweka ile glasi juu ya makabrasha ya meneja.

"Haya yamefika saa mbili. Sasa ni saa nne kasoro. Yalikuwa yanatusubiri."

Shedrack akapata jambo la kusoma kwenye simu. Bwana Kornel aliitazama glasi, akaitazama saa ya ukutani.

"Kwa hiyo ni sisi," alisema taratibu.

"Ni sisi, bosi."

Meneja alitoka mwenyewe kumwomba mzee radhi, na dumu lile likapokelewa kama zima.

Kikao kikahamia saa nane mchana, na maziwa hayajachacha tena. Urefu haukupungua, ila Herieth alipewa ukatibu, na kumbukumbu zake hazizidi nusu ukurasa.