Tone Chini ya Jicho
Muuza vitambaa akiwa bado ngazini hujua mchoraji ameshika rangi gani. Akimsikia anaimba, ni za mafuta: amekaa kitako, anapaka, anafuta kwa tambara, anapaka tena, hana haraka na mtu. Akimsikia anagombana na brashi, ni akriliki, inayomkaukia kabla hajaamua. Leo kulikuwa kimya, maana yake rangi za maji, zisizofutika. Mchoraji alisimama, pumzi ameibana, akimalizia uso wa mama mzazi wa muuza vitambaa, aliyeketi mbele yake; magoti ya mama yasingeziweza ngazi zile siku nyingine.

“Fanya upesi, baba, kiti chako kina meno,” mama akasema. Mchoraji akacheka, mkono ukatikisika, tone likadondoka chini ya jicho. “Umeshaharibu!” muuza vitambaa akaruka kutoka mlangoni. “Bei tunaongea upya.” Mchoraji hakugusa tambara. Aliinamisha kidogo ubao uliobeba karatasi, akaliacha tone lishuke taratibu, nalo likaacha kivuli chepesi shavuni: ule mkunjo wa mama akijizuia kucheka. Muuza vitambaa akaitazama karatasi, akamtazama mama, akairudia karatasi. “Bei ibaki ile ile,” akasema hatimaye, “ila usiiguse tena.”