Nilipokonda, Watu Walinong'ona

Mwanangu, upo mwaka mmoja wa ujana wangu ambao hunijia kila nikiona kijana wa ofisini anahema kwenye ngazi. Acha nikueleze.

Mimi nilikuwa msichana wa Mubuku, wa kupalilia mpunga na mama yangu. Kisha nikapata kazi chuo kikuu, hapa Kasese, ofisi ya kuandikisha wanafunzi. Kutwa nzima nilikuwa kitini. Saa nne chai na mandazi, mchana matoke na wali, jioni bodaboda mpaka mlangoni kwetu Nyamwamba. Nilipozaa, nikanenepa zaidi. Sikuwa mlafi, mwanangu. Wengi wetu pale tulikuwa hivyo, na nyumbani kila mtu alifurahi. Mume wangu, Bwambale, alisifiwa kwamba anajua kutunza mke.

Asubuhi moja pumzi ilinikatika kwenye ngazi za ofisi, nikakaa chini mbele ya wanafunzi. Daktari akakuta presha iko juu. Akanishauri kwa upole nipunguze mafuta na sukari, nitembee. Basi nikawa natembea kila alfajiri kando ya mto, kuelekea Kilembe. Mwili ukapungua, usingizi ukawa mtamu.

Hapo maneno yakaanza. Silimu, ndiyo ukimwi, ilikuwa imezika watu wengi kwetu, na aliyekonda alihesabiwa kuwa keshaipata. Wenzangu wakaacha kula nami. Mmoja akaniuliza chini kwa chini kama nimeshaanza dawa. Bwambale naye aliumia, maana rafiki zake walimwambia ananinyima chakula. Akaniomba nirudie unene wangu. Nikamhurumia. Nikaacha kutembea, nikala. Presha ikapanda tena, mara hii nikalazwa.

Mama mkwe akaja kutoka Bwera. Huyu ndiye aliyekuwa akinijazia sahani kila nikienda kwake, kwa hiyo nilitarajia aje na sufuria. Alikuja mikono mitupu. Akakaa kitandani pangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwanawe.

"Bwambale, unataka muke munene, ama unataka muke muzima?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Mama, watu wanasema."

"Hao watu iko nani? Tukimuzika huyu, watakuja kukulelea watoto?"

Nilipotoka hospitali alinichukua kwake Bwera. Siku ya soko akanishika mkono, tukaenda kwa miguu mpaka Mpondwe, taratibu, tukipumzika njiani. Kila aliyetusimamisha kumuuliza kama mkwewe ni mgonjwa, mama mkwe alimjibu, "Alikuwa mugonjwa. Sasa anapona." Nilitembea nikilia, naye hakuniachia. Niliporudi Kasese, Bwambale akaanza kutembea nami asubuhi, watu wakituona. Maneno yakaisha yenyewe.

Mwanangu, kazi ya kiti ni riziki, usiidharau, ila inuka mara kwa mara, na nyumba iliyo karibu iendee kwa miguu. Mwenzako akinenepa usimcheke. Hujui siku yake inavyokwenda. Akikonda usimzushie ugonjwa, muulize tu kama anaendelea vizuri. Na wa nyumbani mwako akijaribu kujiponya, usimwache ajaribu peke yake.

Mungu akuzeeshe na nguvu zako, uje uwabebe wajukuu wako mgongoni.