Kitambulisho Kilichotaka Kunitangulia

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kwa kujivuna. Kuna watu wanaoijua Nairobi yote. Mimi naijua Ziwani, mtaa wetu, na hata Ziwani yenyewe naijua zaidi upande ule wenye jua la kuanika nguo. Kazi yangu ilikuwa kufuma vitambaa vya kochi nikiwa nimekalia kochi. Mume wangu, Baba Mwende, ni dereva wa gari la mikate. Alikuwa akirudi jioni ananiuliza, "Leo kochi limekuachilia hata kidogo?" Namjibu kochi lina mkataba na mimi. Shule nilimaliza kidato cha nne, Kiswahili nikapita, hesabu ikanipita.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoumwa, na hasa ninyi mnaouliza kama bima ya serikali inalipia hospisi. Jibu nililipata, lakini lilinitoa jasho karibu sawa na ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ulianza na damu. Hedhi ilikuwa imekoma kitambo na nilishaisahau, kisha nikaona doa. Nikajiambia ni joto. Mtu wa kukaa nyumbani ana maelezo ya kila kitu: ni joto, ni baridi, ni maharagwe ya jana. Doa likawa damu, damu ikaja na majimaji yenye harufu, nami nikawa nashinda nikifungua madirisha na kusugua sakafu isiyo na kosa. Kiuno kikaanza kuuma. Maumivu yakashuka mguu wa kushoto, mguu ukavimba, kiatu kikakataa kuingia.

Baba Mwende ndiye aliyesema, kwa upole, "Mama Mwende, hii harufu si ya nyumba."

Nililia. Kisha nikavaa ndara, akanipeleka hospitali.

Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alinipima, akakata kinyama kidogo, majibu yakarudi: saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshatambaa mpaka ukutani mwa nyonga. Akasema, "Tutakupiga miale na kukutilia dawa kwa mshipa. Inaweza kupona. Lakini umalize. Ukiacha katikati ni kama hukuanza."

Miale bima ililipa, sitaki kuisingizia. Tabu ilikuwa mimi kuvumilia. Niliendesha mpaka choo kikawa ndicho kochi langu jipya. Ngozi ya chini ilichubuka, hata mkojo ukawa unachoma. Lakini kilichonishinda ni maumivu ya kiuno na mguu. Ile meza ya mashine ni ngumu, na lazima ulale ukiwa umenyooka, bila kutikisika. Mimi nilikuwa natetemeka kama jani. Vidonge vya kawaida vilikuwa kama kumwagia jiko la makaa kijiko cha maji. Nikamwambia daktari, "Mimi sirudi kwa hiyo meza."

Akaniangalia. "Basi nakutuma hospisi."

Baba Mwende alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ikikatika.

"Hospisi si kwenda kufa," daktari akaendelea. "Ni watu wa kutuliza maumivu. Wakiyatuliza, utalala kwa meza, utamaliza miale. Hiyo ndiyo njia uliyobaki nayo."

Hayo yote aliyasema, mimi nilikuwepo. Lakini Baba Mwende alibaki na neno la kwanza tu, na hilo ndilo alilompigia nalo simu ndugu yake Kyalo, anayekaa Njiru. Sasa, shemeji yangu Kyalo ni mtu ambaye akiona viti vitatu vimekaa pamoja anafungua kikao. Na sisi watu wa Ukambani hatumwachi mgonjwa peke yake. Jioni hiyohiyo wageni wakaanza kuingia na ndizi, na maziwa, na nyimbo za kanisani zilizoimbwa polepole mno. Nilikuwa chumbani nikisikiliza. Nikajua hapa naimbiwa buriani.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: ile dawa ya maumivu ambayo hospisi wanatoa, niinywe nikiwa kwangu, nirudi kwa meza. Kesho yake tukaenda dirisha la bima pale hospitali. Karani alikuwa kijana mwenye masikio mazuri, sijui kwa nini nakumbuka hilo.

"Hospisi haimo," akasema.

"Haimo wapi?"

"Kwa sistimu. Iko kulazwa. Unataka kulazwa?"

"Nikilazwa bima inalipa?"

"Inalipa."

"Na nikinywa dawa hiyohiyo nikiwa kwangu?"

"Hapo sasa ni wewe na Mungu, mathe."

Nikamuuliza kama serikali ina shida gani na nyumba yangu. Yaani itanilipia kitanda, uji nisioweza kunywa, na mtu wa kuniamsha alfajiri aniulize kama nililala, lakini chupa moja ya dawa ya kunywea kwangu ni mimi na Mungu. Kijana akasema, "Mimi nabonyeza tu." Na kweli, alikuwa akibonyeza.

Tulipofika hospisi yenyewe, ambayo ni jengo dogo ndani ya ua wa hospitali hiyohiyo, muuguzi aitwaye Sista Nekesa alinikalisha kwa kiti chenye mto. Nikaanza kumlalamikia kabla ya salamu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama, wewe umeuliza kitu kimoja na hivi ni vitu vitatu. Kulazwa wodini, bima inalipa. Sisi kuja kukuona kwako Ziwani, bima hailipi, hiyo tunafanya kwa michango ya wasamaria. Lakini kuja kliniki yetu na kuchukua dawa, hapa kwetu inalipa, kwa sababu tuko chini ya hospitali. Ila idhini inaombwa na daktari, si wewe dirishani."

"Na mbona hawakuniambia hivyo?"

"Uliuliza hospisi. Leta kitambulisho, daktari aombe, uweke alama ya kidole, dawa itoke leo."

Nikafungua mkoba. Kitambulisho hakimo. Nikamwaga vitu vyote mezani kwa Sista wa watu: leso, pipi za tangawizi, sindano ya kufumia. Hakuna. Tukarudi Ziwani tukatafuta kwa Biblia, chini ya godoro, ndani ya kopo la majani chai. Mwende, binti yangu, alipekua mpaka mifuko ya makoti ya baba yake. Siku hiyo nilikosa miale. Nililala kwa ubavu mmoja nikiuma kona ya shuka, na nikaanza kufikiri kwamba pengine wale waimbaji wana habari ambazo mimi sina.

Jioni wakaja tena. Ukuta wetu ni mwembamba. Nikamsikia Kyalo akisema, kwa sauti ya mwenyekiti, "Kibali cha mazishi bila kitambulisho ni mateso. Mnakumbuka tulivyohangaika na mjomba. Kwa hivyo safari hii tusibabaike, mimi hicho nimeshakiweka."

Sijui niliinukaje. Nilijifunga leso, nikashika ukuta, nikatokea sebuleni. Wimbo ukakatika katikati.

"Shemeji, kitambulisho changu kiko wapi?"

Kyalo akakohoa. "Kiko salama, Mama Mwende. Kiko Njiru, kwa kabati."

"Kinafanya nini Njiru na mimi niko hapa?"

"Tuliona, unajua, mambo yakifika watu huchanganyikiwa, vitu vinapotea."

"Mambo gani?"

"Si mambo tu."

"Shemeji, kitambulisho ni kimoja na kazi ni mbili. Wewe unakitaka cha kunipeleka, mimi nakitaka cha kubaki. Nani yuko mbele kwa foleni?"

Halafu Baba Mwende, ambaye tangu daktari aseme lile neno alikuwa hajaniangalia machoni, akasimama, akachukua funguo za gari la mikate. "Kyalo, inuka. Twende Njiru."

Wengine walipotaka kujiondoa kimyakimya nikawaambia wakae. Kamati msiivunje, nikawaambia, ibadilisheni kazi. Kule hospitali kuna foleni ya idhini, foleni ya kidole, foleni ya dawa. Mimi siwezi kusimama. Nyinyi simameni.

Na wakasimama. Hilo sitalisahau. Kesho yake sistimu ilikuwa chini. Kyalo alikaa dirishani mpaka ikainuka, akiwahutubia watu wa foleni kuhusu umoja. Daktari akaomba idhini, nikaweka kidole, kikakataliwa, nikakipangusa, kikakubaliwa. Dawa ikatoka: mofini, ya maji, kwenye chupa ya kawaida kama ya kikohozi. Ni chungu. Nilimeza, nikaenda kukaa kochini, na baada ya muda nikagundua nimesikia habari zote za redio bila kusaga meno.

Nawaambia na hili, kwa sababu watu hulinyamazia: mofini inafunga tumbo. Mimi nilitoka kuendesha nikawa jiwe. Nilikuwa nakaa chooni nikizungumza na mlango. Sista Nekesa akanipa dawa ya kulainisha. Usipopewa, omba, usione haya.

Nilirudi kwa meza ile ngumu. Nililala nimenyooka. Nikamaliza miale yote. Damu ikakauka, harufu ikaondoka, mguu ukashuka taratibu. Mofini wakanipunguzia kidogo kidogo, si kuacha ghafla. Daktari alipotazama picha za mwisho alisema hauoni tena ule uvimbe wa saratani, na kwamba nitaendelea kuja kuangaliwa. Hakutabasamu sana. Mimi nilitabasamu kwa niaba yake.

Ningependa kusema baada ya hapo bima ilinyooka. Haikunyooka. Kila idhini ikiisha nilianza upya, kama mtu ambaye hajawahi kuugua. Kila karani alikuwa na jibu lake. Kwa hivyo sikieni. Michango ya bima lipeni mkiwa wazima, maana siku ya ugonjwa si siku ya kuanza. Msiulize "hospisi inalipiwa?" Ulizeni kulazwa inalipiwa, kliniki inalipiwa, na nyumbani je, na ulizeni pale pale mnapotibiwa, kwa sababu kwingine mambo yanaweza kuwa tofauti. Dirishani mtangulizeni daktari. Na kitambulisho kaa nacho wewe mwenyewe, hata kama shemeji zako ni wacha Mungu.

Namshukuru Mungu, na Sista Nekesa, na daktari yule wa maneno machache. Nawashukuru Baba Mwende na Kyalo, ambaye sasa anaeleza mambo ya idhini huko Njiru zaidi kuliko mimi, na kwa makosa machache tu.

Juzi nilienda kuaga hospisi. Karani alikuwa yule yule wa masikio mazuri, wamemhamishia huko. Akafungua jina langu ili alifunge.

"Mathe, hapa kuna sababu mbili tu za kufunga. Amehamishwa, ama amefariki."

"Hakuna amepona?"

Akatafuta juu, akatafuta chini. "Hakuna. Nikuweke gani?"

"Weka amehamishwa."

"Kwenda hospitali gani?"

"Ziwani, nyumba yangu."

Akaandika. Akangoja. "Imekataa."

"Basi iache wazi," nikamwambia, nikachukua kitambulisho changu kaunta, nikaenda zangu.