Kishikwambi Kilichofunguka Chenyewe

Fundi wa kompyuta alinionya, ila kwa bahati mbaya akanikuta siku yangu ya ubishi. Alikuja kuniunganishia kishikwambi na kompyuta ya parokia iliyoko Ngara, ili mimi, katibu wa ofisi, niiendeshe nikiwa nyumbani kwangu Nyakanazi siku ambazo goti langu linakataa safari. Alipoona nimekiweka kifunguke chenyewe kila kikiwa nyumbani, akatikisa kichwa.

"Mama, hapo umeacha mlango wa ofisi wazi. Atakayekiwasha hapa anaingia moja kwa moja kwenye madaftari ya Padre. Acha kiulize neno la siri. Na ukimaliza kazi, toka kabisa kwenye ile kompyuta ya kule."

Nilimjibu kwamba nyumbani kwangu hakuna mwizi. Mikono yangu saa zote ina unga au sabuni, nitaandikaje herufi kumi na mbili kila nikitaka kusoma jambo? Aliondoka bila kunishinda, nami nikafurahi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi wangu niliudharau kwa kiburi kabisa.

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nyumbani, nilikuwa nanakili daftari la ubatizo la parokia kwa kishikwambi. Nilikuwa nimefika kwenye jina la binti wa rafiki yangu. Binti huyo ni mwalimu, anafundisha Nyabusozi, na ndoa yake ilikuwa imekaribia. Anayefunga ndoa kanisani huhitaji cheti kipya cha ubatizo, na cheti hicho ndicho kilichomkosesha rafiki yangu usingizi. Wiki chache kabla alikuja ofisini, akafunga mlango, akaniomba nisikitoe mpaka aongee na binti. Kwenye daftari, mahali pa wazazi, paliandikwa: hawajulikani, mtoto ameletwa kutoka kambi ya wakimbizi. Yeye na mumewe waliandikwa walezi. Binti mwenyewe hakujua lolote.

"Nataka jambo hili alisikie kinywani mwangu," alisema, "si kwenye karatasi." Nikamwahidi.

Adhuhuri nikasikia hodi. Alikuwa yule binti. Alikuwa anakwenda kwao Ngara, basi la kuunganisha limechelewa, akaona apite kunisalimu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huondoki hapa na njaa."

Kwetu mgeni anayengoja chakula hupewa albamu ya picha ili asichoke. Siku hizi picha zangu za harusi ya mwanangu zote zimo kwenye kishikwambi. Nilikiona mezani kioo kimezima, na kwa akili zangu kioo kikizima kazi imekwisha. Nikamkabidhi, nikamwambia atazame apate mawazo ya gauni, nikaenda jikoni kuangalia ndizi.

Nilirudi na jagi na beseni la kunawia. Nilitegemea kumkuta anacheka, au aniulize huyu nani na yule nani. Hakuinua hata macho. Akanigeuzia kioo. Kishikwambi kilikuwa kimefunguka, kompyuta ya Ngara haikuuliza chochote, na ukurasa ulikuwa palepale nilipouacha.

"Mama mdogo, huyu ni mimi?"

Jagi nililiweka chini kabla halijaniponyoka. Mimi si mtu wa kukosa maneno, lakini nilitafuta uongo nikaukosa. Jina lake lilikuwa pale, na tarehe, na majina ya wazazi wake yameandikwa mahali pa walezi.

"Ni wewe," nikasema.

Hakulia. Alisoma tena akifuatisha kwa kidole, kama wanavyosoma watoto wake wa darasa la kwanza. Nilimweleza kwamba ni uzembe wangu, kwamba mama yake amemwita nyumbani kwa ajili ya neno hilihili. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nikachukua simu nimpigie mama yake nikiri kosa. Binti akanishika mkono.

"Usimwambie. Mwache aniambie mwenyewe, kama alivyotaka."

"Na wewe utafanyaje?"

"Nitashtuka," alisema.

Akanawa, akala kidogo kwa heshima yangu, nikamsindikiza hadi stendi. Niliporudi nilibadilisha kila kitu. Sasa kishikwambi kinauliza neno la siri hata nikiwa kitandani kwangu, na kompyuta ya parokia inajifunga nikiiacha dakika mbili tu. Ilikuwa kazi ya muda wa kuchemsha chai. Nilijichukia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Jumatatu rafiki yangu alinipigia. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuwa nimeisikia hivyo kwa miaka.

"Nimemwambia, dada. Masikini, alishtuka mpaka nikamwonea huruma. Lakini namshukuru Mungu, amelisikia kwangu kwanza."

"Tumshukuru Mungu," nikamjibu.